Aksolotli wako anaelea, hali chakula, au matamvua yamesinyaa? Anza na maji kabla ya dawa

Jamani, kila mwenye aksolotli mgonjwa swali lake la kwanza ni "nimpe dawa gani", na karibu kila mara jibu langu ni moja, umepima maji? Kwa sababu huyu mnyama anapumua kwa matamvua na anapumua kwa ngozi pia, yaani maji yanamwingia kila upande, kwahiyo kilichomo ndani ya tenki ndo kilichomo mwilini mwake, na dawa nyingi za samaki za dukani zenyewe zinamuunguza. Kwahiyo nimeandika dalili nilizokutana nazo mwenyewe na nilizosaidia wengine, na chanzo cha kila moja, na cha kufanya.

Kwa ambaye hamjui: aksolotli ni salamanda wa majini, fikiria kiluwiluwi aliyekua akafika sentimita ishirini na kitu, akapata miguu minne, akaanza kuzaa, lakini matamvua yake hayajaondoka na nchi kavu hakwenda. Anaishi hivyo maisha yake yote, miaka 10 hadi 15 ukimtunza vizuri. Kwao ni sehemu moja tu duniani, maziwa ya Xochimilco na Chalco pale Mexico City, na Chalco lilishakaushwa, Xochimilco limebaki mifereji. Jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Wa kwetu nyumbani anaitwa Tope, kwa sababu ni wa kahawia iliyoiva yenye vidoa vya dhahabu, rangi ileile ya wale wa ziwani, sio wale weupe wenye matamvua mekundu. Tunaishi Leicester, mwanangu alimjulia kwenye gemu ya Minecraft walipomuingiza 2021, na mwaka huohuo Mexico wakamweka kwenye noti yao ya peso 50, basi hapo nyumbani hapakulalika mpaka akapatikana.

Sasa tuanze. Kabla hujasoma dalili yoyote, kachukue kipimajoto na zile chupa za matone za kupimia maji. Unataka kuona: joto digrii 16 hadi 18, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitreti chini ya 20 (miligramu kwa lita), pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 6.5 na 8. Andika namba kwenye karatasi, weka tarehe. Ukikuta namba moja imekaa vibaya, nusu ya kazi umeshaimaliza.

DALILI: matamvua yamesinyaa au yamekuwa mekundu kupita kawaida, ngozi ina wekundu, anakimbia kimbia ndani ya tenki, anajikwangua

Hii ni amonia mpaka uthibitishe vinginevyo. Kinyesi chake na mabaki ya chakula vinaoza vinatoa amonia, bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya filta wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, na nitreti unaitoa wewe kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka nane kujijenga kwenye tenki jipya, na wauzaji wengi hawakwambii. Wanakuuzia tenki na mnyama siku moja, unafika nyumbani unamwaga maji unamtumbukiza, wiki ya pili anaungua.

Sisi yetu ilikuwa tofauti. Tenki lilikuwa limeshakomaa vizuri, mi nikaona filta imechafuka, nikaitoa ile sponji nikaiosha chini ya bomba mpaka ikatoa maji meupe, nikaridhika kabisa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Siku ya nne mwanangu ananiita, "Mama njoo uone Tope", nafika nakuta zile nyuzi nyuzi za matamvua zimekuwa fupi kama mswaki uliochakaa na yeye anajisugua kidevu kwenye jiwe. Nikaweka matone kwenye kile kichupa, yale maji yanatakiwa yabaki njano, yakaenda kijani palepale mbele ya macho yangu.

Cha kufanya: mtoe umuweke kwenye beseni la plastiki ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, lenye maji ya baridi uliyoyatia dawa ya kutoa klorini, na hayo maji ubadilishe yote kila siku. Tenki nalo lihudumie pembeni, badilisha nusu ya maji, pima tena kesho, na kesho kutwa, mpaka amonia na nitriti zirudi sifuri zenyewe bila wewe kubadilisha maji. Hapo ndo arudi. Tope alikaa beseni siku 19. Matamvua yakaota tena, na sponji sasa naiosha kwenye ndoo ya maji yaliyotoka humohumo tenkini, naikamua mara mbili tatu basi.

DALILI: hali chakula, amelegea, au kinyume chake hatulii, anapanda juu kuvuta hewa kila saa

Angalia joto. Kuvuta hewa mara mojamoja ni kawaida, ana vimapafu vidogo, lakini akipanda mara kwa mara ujue maji hayana oksijeni ya kutosha na maji ya moto ndo yanayobeba oksijeni kidogo. Digrii 20 anavumilia, ikifika 24 uko kwenye hatari, na joto halimuui siku hiyohiyo sanasana linamshusha kinga halafu fangasi na bakteria wanamalizia, ndo maana watu wanafikiri wameletewa mnyama mgonjwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini, fikiria huko kwao. Xochimilco iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ni kama Limuru kule Kenya. Huyu ni mnyama wa nyanda za juu. Kwahiyo ndugu zangu wa Dar, Mombasa, Muscat mnaoniuliza kama inawezekana, bila mashine ya kupoza maji usianze, sikukatishi tamaa ila maji yenu ya chumbani yanakaa 28 mpaka 30 na huyo atateseka kila siku ya maisha yake.

Hata huku kwenye baridi usijiamini. Julai 2022 Uingereza ilivuka digrii 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima, na sisi tunakaa ghorofa ya juu, paa linachemka. Kile kipimajoto cha kubandika nje ya kioo kilikuwa kinasema 22, nikaingiza cha ndani kikasoma 26. Tangu siku hiyo vya kubandika sivitumii. Tulichofanya: chupa za maji zimegandishwa kwenye friza zikiwa zimefungwa vizuri, moja inaingia nyingine inarudi kuganda, feni ndogo inapuliza juu ya maji (mfuniko umetolewa, wavu umewekwa asiruke), mapazia yamefungwa mchana kutwa, taa ya tenki imezimwa. Usimwage barafu moja kwa moja kwa wingi, joto likishuka ghafla nalo ni tatizo, shusha taratibu digrii moja mbili kwa saa kadhaa. Feni peke yake inaweza kukushushia digrii mbili hivi, na ni rahisi kuliko mashine.

Kama joto liko sawa na maji yako sawa na bado hali, basi tazama chakula chenyewe. Chakula chake bora ni nyungunyungu, wale wakubwa wa udongoni, wametoka sehemu isiyopigwa dawa. Kuna wale wadogo wekundu wa kwenye mboji, wanatoa majimaji machungu, aksolotli wengi wanamweka mdomoni wanamtema na mwenyewe unafikiri ni mgonjwa. Halafu aksolotli mtu mzima hali kila siku, mara mbili tatu kwa wiki inatosha, kwahiyo akikataa jumatano wakati ulimlisha jumanne hajaumwa huyo, ameshiba.

DALILI: matamvua yamekunjwa kuelekea mbele, ncha ya mkia imejikunja kama ndoano

Mkondo wa maji ni mkali. Huyu ametoka kwenye mifereji iliyotulia, hana pa kujificha na pampu inayompiga usoni saa 24. Funga filta ya sponji au elekeza mdomo wa filta ukutani kwenye kioo, mpe bomba pana au chungu cha kulalia. Siku mbili utaona matamvua yamerudi nyuma. Kelele, taa kali na mtoto anayegonga kioo vinaleta dalili hiyohiyo, hana kope za kufumba, kumbuka hilo unapoweka taa.

DALILI: anaelea, mkia juu, hawezi kushuka chini

Hapa kuna mawili na moja ni dogo. La kwanza, amemeza hewa wakati wa kula, atashuka mwenyewe, na kuna wengine wanapenda tu kuelea, akitaka anashuka bila shida, huyo mwache. La pili, hawezi kushuka hata akijitahidi, tumbo limejaa, hajaenda choo siku kadhaa. Hapo uliza tenki lako lina nini chini.

Aksolotli hatafuni. Anafungua mdomo ghafla na kila kilichoko mbele yake kinafyonzwa pamoja na maji, nyungunyungu, na changarawe, na konokono, vyote. Changarawe za rangi rangi za madukani ndo kiama chao, zinaingia ndani hazitoki. Kanuni ni rahisi: chini ya tenki kuwe patupu, au mchanga laini kabisa chini ya milimita moja, na jiwe lolote liwe kubwa kuliko kichwa chake. Nilishaona picha ya eksirei ya mmoja, tumbo zima ni vijiwe vimejipanga kama shanga. Yule alipona kwa daktari, lakini si wote.

Cha kufanya: beseni lenye maji machache ili miguu iguse chini asichoke, maji ya baridi, usimlishe siku mbili. Akipata choo sawa. Asipopata, au matamvua yakaanza kupauka, nenda kwa daktari wa wanyama anayejua wanyama wa jamii ya vyura, na huyo daktari mtafute leo mnyama akiwa mzima maana wengi wanajua mbwa na paka tu.

DALILI: pamba nyeupe kwenye matamvua au kwenye kidonda

Fangasi. Anakaa majini siku zote, anasubiri kinga ishuke, kwahiyo ukimtibu fangasi bila kurekebisha joto na amonia atarudi wiki ijayo. Ikiwa kidogo, bafu la chumvi linafanya kazi: vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji yaliyotolewa klorini na yenye joto sawa na la tenki, chumvi ISIYO na madini joto, dakika kumi na usiondoke hapo, akianza kupapatika mtoe. Mara moja au mbili kwa siku, siku chache tu, kwa sababu chumvi yenyewe inasumbua ngozi na matamvua. Chai ya rangi nayo wanatumia, majani ya chai nyeusi isiyo na ladha wala sukari, yakishapoa kabisa, inasaidia ngozi. Pamba usiivute kwa mkono, utatoka na tamvua. Pamba ikienea mwili mzima ni kazi ya daktari.

DALILI: mguu haupo

Mna wawili ndani ya tenki moja, si ndio? Wadogo hasa wanaumana, kikitikisika mbele ya mdomo ni chakula. Watenganishe, maji safi ya baridi, usipake chochote. Mguu utaota.

Na hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu kila nikiona hii kitu nashangaa upya. Unaota mguu wenyewe, na mifupa yake, misuli, mishipa ya fahamu, vidole vinne vya mbele, unaanza kama kinundu kidogo cheupe, wiki zinapita kinakuwa kama kijiko, halafu kijiko kinachanika kinakuwa vidole. Sio mguu tu, uti wa mgongo wanaurudisha, na sehemu za moyo na za ubongo. Ndo maana maabara nyingi duniani zinawafuga, na 2018 wanasayansi walimaliza kusoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, wakakuta ina herufi bilioni 32, mara kumi ya yetu sisi binadamu. Mnyama mwenye siri kama hiyo ndo tunamwekea changarawe za pinki.

DALILI: matamvua yanazidi kufupika ingawa maji ni mazuri, pezi la mgongoni linapotea, macho yanatokeza, anataka kutoka nje

Hii ni adimu sana lakini ipo, anageuka salamanda wa nchi kavu. Mwaka 1864 aksolotli 34 walifika Paris wakitokea Mexico, sita wakapewa mtaalamu mmoja Auguste Duméril, wakazaa vizuri, mwaka uliofuata baadhi ya watoto wao wakaanza kupoteza matamvua na kutembea nje, ikawa maajabu kwa sababu hakuna aliyetegemea. Kinachofanya hivyo ni homoni ya tezi la shingoni ambayo wao kwa kawaida hawaitoi ya kutosha, na madini joto yanahusika humo, ndo sababu nyingine ya kukwepa ile chumvi ya jikoni. Ikitokea, punguza maji, mpe sehemu kavu ya kupandia, muone daktari. Kumlazimisha kwa makusudi ili upate video ni ukatili, wengi wanakufa na wanaobaki hawaishi sana.

DALILI: umeamka asubuhi mimea yote ina mayai

Jike mmoja anataga mamia, wakati mwingine yanakaribia elfu moja. Usiyaangue kama huna nafasi ya tenki mia. Yagandishe kwenye friza ndani ya siku mbili za mwanzo kabla hayajaanza kuwa kitu. Najua inauma lakini aksolotli wengi wa kufugwa ni uzao wa wale wachache wa Paris, damu imeshajirudia sana, kuzalisha kaka na dada ni kuongeza wagonjwa.

DALILI: wamejaa madukani, ziwani wameisha

Hili ndo swali mwanangu aliniuliza, Mama kama wako hatarini mbona tumemnunua? Nikaanza kulisoma kwa njia ileile, dalili na chanzo. Mwaka 1998 pale Xochimilco walihesabiwa kama 6,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka 2014 walikuwa 36. Tangu 2006 wako kwenye daraja la juu la hatari ya kutoweka porini.

Sababu ya kwanza ni maji. Chemchemi zilizokuwa zinalisha Xochimilco zilivutwa kwenda kunywesha jiji, mifereji sasa inajazwa na maji machafu yaliyosafishwa na mvua kubwa inapofurika uchafu mbichi nao unaingia. Yaani amonia tena, ile ile. Ya pili iliniumiza zaidi kwa sababu naijua kwa jina: sato. Sato wetu, huyuhuyu wa Nile tunayemla kwa ugali, alipelekwa kule miaka ya 1970 na 80 pamoja na kapu wa Asia ili watu wapate kitoweo. Wakazaana. Wanakula mayai ya aksolotli, wanakula vitoto, kapu anafukua mimea ambayo mayai yanabandikwa. Aksolotli alikuwa ndo mwindaji mkubwa wa ziwa lile, hakuwahi kujifunza kumkimbia samaki.

Suluhisho nalo ni lilelile, wanatibu maji. Watu wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, akiwemo Luis Zambrano ambaye ndo amekuwa akiwahesabu miaka yote hiyo, wanashirikiana na wakulima wa chinampa, zile bustani za visiwani zilizojengwa ndani ya ziwa tangu enzi za Waazteki. Wanaziba midomo ya mfereji kwa vizuizi vya mimea vinavyochuja uchafu na kuwazuia sato na kapu wasipite, mkulima naye anaacha dawa za sumu, na hapo katikati panakuwa na maji tulivu, ya baridi, safi. Mwaka 2025 walitoa matokeo ya aksolotli 18 waliozaliwa wakiwa wanafugwa wakaachiwa na vifaa vya kuwafuatilia, waliishi, na waliokamatwa tena walikuwa wameongezeka uzito, maana yake walikuwa wanawinda wenyewe.

Wale ni wa kwao na wamepimwa. Wa kwako usimwachie popote, wala kwenye bwawa la karibu wala usiwaze kumrudisha Mexico. Wa kufugwa walishachanganywa damu na salamanda wa aina nyingine maabara, na wanaweza kubeba fangasi wa ngozi anayemaliza vyura. Jimbo la California kule Marekani limekataza kuwafuga kwa woga huo huo, kwahiyo ukihama angalia sheria ya unakokwenda kwanza. Ukishindwa kumtunza tafuta mfugaji mwenzio umpe, na umpe pamoja na tenki lake na sponji yake ikiwa imelowa, usiioshe.